Pikipiki Iliyonitoa Eda

Mume wangu alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani, akaniacha na watoto wawili, madumu ya maziwa, na pikipiki ambayo injini yake ilikuwa imekufa kabla yake. Nasema hivyo bila kupamba kwa sababu waliokuja kunipa pole walipamba vya kutosha. Kila aliyeingia aliniambia kazi ya Mungu haina makosa, kisha akitoka anapitia uani kuitazama pikipiki.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, nyumba ya mama mkwe, vyumba vinatazamana na ukumbi katikati, na nyuma kuna ua wenye mlango wa bati unaotokea uchochoroni. Kila alfajiri mume wangu alikwenda Chamazi kwa wafugaji kuchukua maziwa. Akirudi mie nayapima na kuyapeleka kwa wateja. Wateja walikuwa wangu. Niliwatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na mimba mbele. Injini iliponoki akawa anakwenda kwa baiskeli, anarudi na nusu ya mzigo na pumzi hana. Spea hazikupatikana, ile pikipiki ilikuwa ya zamani kiasi kwamba hata wauza spea walikuwa wanaiulizia ilitoka wapi. Tukasema tutajua la kufanya. Hatukujua. Akafa.

Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato, wala hazungumzi ovyo na wanaume wanaoweza kumwoa, hata awe shemeji. Hasa shemeji. Kwa hiyo kaka mkubwa wa marehemu alipokuja kuidai pikipiki, alisimama ukumbini, mie nikawa chumbani, na pazia katikati yetu. Nilikuwa naona viatu vyake tu chini ya pazia, vile viatu vizito alivyopewa kiwandani. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, mwenye mali mpya akapunguza watu, na katika waliopunguzwa yeye alikuwemo. Vile viatu ndivyo alivyoondoka navyo.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema pikipiki walinunua wawili, yeye na marehemu, na sasa hana budi kuchukua vyuma vyake akauze kipande kipande. Nikamwambia wanangu wanakula kwa ile pikipiki. Akasema mtu hali kwa kitu kisicho na injini.

"Ile ni maiti, shemeji," alisema. "Na maiti hailazwi ndani."

Mie nilikuwa nimemzika mume wangu wiki ileile. Niliinuka nikalishika lile pazia kwa mkono mmoja, na kama si mtoto niliyekuwa namnyonyesha, wallahi ningelishusha na ufito wake, eda au si eda. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa ukumbini anachambua mchele, ndiye aliyesema. Alisema kitu hakitoki katika nyumba yenye eda. Eda ikiisha, aje na mkokoteni wake kama pikipiki bado imelala. Hapo ndipo nilipojua nina muda gani. Mpaka nitakapotoka eda, lile dude liwe linatembea, au niwaage wateja wangu wote na maziwa yao.

Sasa niambie, mwanamke asiyeruhusiwa kuvuka mlango atamtoa wapi fundi? Mafundi wote ni wanaume. Mwanamume pekee aliyeweza kuingia uani kwetu kuja kwangu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na yeye si fundi. Alikuwa anaendesha foko, ile gari ndogo ya kunyanyulia mizigo, kwenye godauni la Mhindi mmoja. Siku moja alikuja kunitazama, akakaa juu ya tofali, akaanza kunisimulia ya kazini ili nisahau. Akasema siku hizi bidhaa zinaingia kama mvua, tajiri kaleta foko mpya, ile ya zamani imetupwa nyuma inaliwa na kutu, na hiyo ni dhambi, maana ilikuwa haina moshi wala kelele, inakwenda kwa betri tu.

Nikamuuliza hiyo betri inazungusha nini. Akasema mota. Ziko mbili, kubwa ya kutembelea na ndogo ya kunyanyulia. Nikamuuliza hiyo ndogo ina ukubwa gani. Akaonyesha kwa mikono, kama dumu dogo la mafuta ya kula. Sote wawili tukageuka tukaitazama pikipiki, pale katikati injini inapokaa.

"Usianze," akasema kaka.

"Kamuombe tajiri wako."

"Dada, wewe uko eda."

"Eda haijanikataza kushika spana. Imenikataza uturi."

Nilisoma hadi kidato cha nne. Fizikia nilipata alama ambayo mtu haisemi mbele za watu. Lakini nilikumbuka kwamba umeme ukiingia kwenye mota, kitu kinazunguka, na kitu kikizunguka unaweza kukifunga cheni. Hiyo ndiyo elimu yote niliyoanza nayo.

Tajiri alitoa ile mota bure. Kaka alisema alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza watoto ni wangapi, akaongeza na swichi kubwa ya foko. Betri zilikuwa tatu, za malori, kuukuu, kaka alizikusanya kwa rafiki zake madereva. Mafundi wa mtaani aliowaendea kuuliza hawakumsaidia kitu. Mmoja alimwambia ampeleke dada yake kwa mganga, huzuni imemkaa vibaya.

Injini niliitoa mwenyewe. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu hadi nikawa nazipiga teke. Mama mkwe alikaa na ungo wake ananitazama, na kila nikikaribia kutukana alikuwa anakohoa. Injini ilipotoka ilibaki nafasi tupu, tukaiweka mota pale, ikaelea kama kidole ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Ilihitaji chuma cha kuishika. Nikakata boksi la sabuni kwa mkasi, nikaliweka, nikalipunguza, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, kaka akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea akaambiwa atengeneze vilevile kwa bati nene. Kile cha kwanza kilikuja matundu hayakutani. Boksi lilikuwa limelowa na maziwa ya mwanangu likajikunja, na fundi naye kafuata mikunjo kwa uaminifu. Tukarudia. Gia ndogo ya cheni, ile iliyokuwa kwenye injini, nayo ikachomelewa kwenye chuma cha mota kinachozunguka.

Betri zilinitesa. Ile tindikali inayoitwa maji ya betri, kwa jina tu unaweza kudhani utanawia. Ilinidondokea, sikuona kitu, kesho yake kaniki yangu ikawa na matundu kama kichujio. Majirani waliokuja kunitembelea waliyahesabu kwa macho. Nikasikia mmoja ananong'ona ukumbini kwamba mjane anatakiwa avae duni, lakini huyu kazidisha. Walipoondoka mama mkwe aliingia chumbani kwake akatoka na kaniki yake mwenyewe, iliyokunjwa vizuri, ambayo nadhani aliivalia eda ya baba mkwe. Akaniwekea kitandani. Mie nilikuwa na hasira za dunia nzima wakati ule, sikujua niziweke wapi mbele ya ile kaniki.

Siku ya kujaribu, kaka alikuwa kazini. Ningeweza kumngoja. Sikumngoja. Nilikuwa nimefunga nyaya zote kama nilivyodhani zinatakiwa kufungwa, na nikataka kuona kama swichi inashika. Ilikuwa asubuhi, maji yametoka bombani, uchochoro umejaa wanawake na ndoo. Mama mkwe alikuwa amefungua mlango wa bati kumwaga majivu. Nikampa dada yake ampakate mdogo, nikapanda, pikipiki imeelekea ukutani kwa usalama, magurudumu yote chini. Ikienda itagonga ukuta, nikajisemea, basi. Nikabonyeza.

Haikuenda ukutani. Iliruka kinyumenyume. Betri zote tatu kwa mpigo, hakuna mlio, hakuna moshi, kama mtu kanishika kiunoni kwa nyuma akanivuta. Nikamwona mama mkwe na ndoo yake ya majivu akinipita upande huu, nikauona mlango wa bati ukinipita upande ule, na kitu kingine nilichokiona ni uso wa jirani yetu mwenye ndoo kichwani, mdomo wazi, anakuwa mdogo. Nilikuja kusimama kwenye rundo la vifuu vya muuza tui, miguu juu, kaniki ya mama mkwe imefika magotini, gurudumu bado linazunguka.

Ndoo zikawekwa chini. Kisha mmoja akasema kwa sauti ya kutangaza msiba: "Mjane katoka."

"Tena kwa kinyumenyume," akaongeza mwingine.

Wakaanza. Kuna aliyesema eda imevunjika, inabidi ianze upya. Kuna aliyesema haianzi upya ila ni laana. Kuna aliyekuwa anasema ndoo yake imepasuka nani atailipa. Kelele zikamleta shemeji, nyumba yake ilikuwa nyuma ya bomba. Alipofika aligeuza uso pembeni asiniangalie, hilo nampa, lakini mdomo hakuugeuza. Alisema mbele ya watu wote kwamba mwanamke anayevunja eda ya ndugu yake kwa ajili ya chuma hana heshima, na asiye na heshima hakai na mali ya marehemu, na leo hii yeye anakichukua hicho chuma. Akaishika pikipiki kwa usukani.

Mie nilikuwa bado nimekaa kwenye vifuu. Magoti yanavuja damu. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, lakini nikifungua mdomo pale uchochoroni kumtukana shemeji yangu ndani ya eda, ningekuwa nimemaliza kazi yake.

Mama mkwe akatokeza mlangoni. Majivu yalikuwa yamemwagikia miguuni, miguu myeupe kama ya mtu aliyepaka chokaa. Hakuharakisha. Akawaangalia wale wanawake, akamwangalia mwanawe.

"Hakutoka," akasema. "Ametolewa."

Mtu mmoja akacheka, kisha akakatiza.

"Mtu akibebwa na mafuriko toka ndani mwake mtasema alikwenda kutembea? Katolewa. Mwanangu, achia hicho chuma. Na wewe inuka uingie ndani, unakaa hapo kama unauza vifuu."

Shemeji hakuachia mara moja. Akasema mama, hata hivyo kitu chenyewe hakifai, kimekwenda nyuma, wapi umeona pikipiki ya kwenda nyuma? Mama mkwe akafikiri. Akasema hilo kweli. Akasema eda ikiisha, pikipiki iende Chamazi na irudi na maziwa. Ikifika ni ya wajukuu zake yatima, hataki kusikia tena habari ya walionunua wawili. Isipofika, achukue. Na ili asije akasema alidanganywa, anifuate kwa baiskeli ashuhudie mwenyewe. Shemeji akasema sawa. Na mie, kutoka kwenye vifuu, nikasema sawa.

Kugeuza betri nilidhani ni kazi ndogo. Shuleni tulifundishwa umeme una chanya na hasi. Ukiubadilisha njia, mota inabadilisha mzunguko. Nikainua gurudumu la nyuma kwa matofali, nikabadilisha nyaya, chanya kwenye hasi, hasi kwenye chanya, nikabonyeza. Nyuma. Nikabadilisha tena, nikidhani nimechanganya. Nyuma. Nikamuita kaka, akaja akabadilisha yeye. Nyuma. Kaka akasema labda mota ilizoea kunyanyua. Nilimwambia aende nyumbani kwake kabla sijampiga na spana.

Nilikaa na ile mota nimeifungua kifuniko, siku baada ya siku, mtoto begani. Niliona umeme unaingia kwanza kwenye mizunguko ya waya iliyokaa pembeni, haitembei, halafu ndiyo unaingia katikati, kwenye kile kinachozunguka. Viwili, vinasukumana. Nikigeuza betri, vyote viwili vinageuka kwa pamoja, na kusukumana kwao kunabaki vilevile. Nilipoelewa nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa naijua hiyo habari, nimeilalia. Mke na mume wakigombana, wamepeana mgongo. Wote wawili wakigeuka kwa pamoja, bado hamna kilichobadilika, kila mtu kahamia upande wa mwenzake tu na ugomvi uko palepale. Lazima ageuke mmoja.

Nikamweleza mama mkwe hivyohivyo, bila adabu. Akacheka mpaka ungo ukamwagika. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu tumzike mwanawe, na alipomaliza kucheka akalia, na mie nikalia, tukaokota mchele.

Basi nikaziacha nyaya za pembeni kama zilivyo, nikageuza za katikati. Gurudumu likaenda mbele. Na swichi niliifanyia mpango mwingine. Mwanangu mdogo nilikuwa nimeanza kumlisha uji, na mtoto hapewi bakuli zima kwa siku ya kwanza. Nikafunga vibonyezo vitatu: cha kwanza kinaipa mota betri moja, cha pili mbili, cha tatu zote. Ikawa inaondoka kwa heshima.

Nilitoka eda Ijumaa. Nikaogeshwa, nikavalishwa, nikatiwa udi, wale wale wa uchochoroni wakaja wakanipigia vigelegele na kula pilau. Kesho yake alfajiri nikazitoa betri kwenye chaji, nikafunga madumu, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikielekea mbele. Shemeji alikuwa barabarani na baiskeli yake na vile viatu. Nikamwamkia, akaitikia, akapanda baiskeli.

Kwenda kulikuwa kuzuri kuliko nilivyostahili. Pikipiki ilikuwa haina sauti. Kuku walikuwa hawanisikii, ikabidi niwe nawaambia nipite. Nyuma nilisikia cheni ya baiskeli ya shemeji, kri kri kri, na kuhema kwake. Kwenye mchanga wa Chamazi mota ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, nikashuka nikaikokota mpaka penye udongo mgumu. Mfugaji aliyekuwa akimpa mume wangu maziwa alitoka na taa, akaniuliza nimeisukuma toka Mtoni? Nikamwambia imekuja. Akaitazama, akazitazama betri, akasema poleni sana na msiba, akaujaza mzigo.

Kurudi ndipo palipokuwa na kazi. Umeme Chamazi haukuwepo, pa kuongezea chaji hakuna. Madumu yamejaa, betri kuukuu. Nikawa nabonyeza cha tatu inakwenda kama cha pili, baadaye kama cha kwanza. Baiskeli ya shemeji ilikuwa nyuma, ikawa ubavuni. Tulipofika mlima wa mwisho kabla ya Mtoni, jua limeshachomoza, pikipiki ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Nikabonyeza vyote. Ikatoa mlio mdogo kama mtu anayeomba radhi.

Shemeji akatupita. Akasimama mbele kidogo, akashuka. Nikangoja aseme maiti. Nilikuwa nimeshajiandaa. Angelisema, ningeliangusha dumu zima la maziwa kichwani kwake, na kifungo ningekitumikia.

Alirudi akasimama kando ya madumu. Akauliza haya maziwa ya asubuhi yanakwenda kwa nani. Nikamwambia nyumba ya kwanza ina mama aliyejifungua pacha na maziwa yake hayajashuka. Ya pili mgonjwa. Ya tatu mwalimu, huyo anaweza kungoja. Jua lilikuwa linapanda na dumu la juu limeanza kutoa jasho.

"Yataganda," akasema.

Akaiegemeza baiskeli kwa muuza mkaa wa kando ya barabara, akamwomba amwangalizie. Akaja nyuma ya pikipiki, akaweka mikono kwenye kiti, akainamisha kichwa akasukuma. Nikashika usukani nikasukuma na mie. Hatukutazamana. Nilikuwa nasikia viatu vyake vinakwaruza lami. Kwenye kilele nikapanda, ikateremka yenyewe, na kule chini betri zilikuwa zimepumzika kidogo zikanifikisha mpaka mtaani, taratibu, yeye anakimbia pembeni, shati limeloa.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, na nusu ya uchochoro pamoja naye. Hakuniuliza mie. Alimuuliza mwanawe.

"Imefika?"

"Imefika, mama."

"Yenyewe?"

Nilikuwa nashusha madumu. Mikono ilinisimama. Shemeji alijifuta uso kwa mkono, akaitazama pikipiki muda mrefu, kama mtu anayeaga kitu alichokuwa ameshakipangia matumizi. Yeye naye alikuwa na watoto, na mkewe alikuwa anauza vitumbua tangu mumewe apunguzwe kiwandani. Hayo nilikuwa nayajua siku zote. Hasira zilikuwa hazijanipa nafasi ya kuyafikiria.

"Si unaiona hapa? Imefika," akasema, akaanza kuondoka kuifuata baiskeli yake.

Nilitaka kumshukuru. Sikuweza. Bado nilikuwa naisikia ile maiti yake nyuma ya pazia. Nikamwita shemeji, nikamwambia alete chombo. Akasema hana chombo. Nikaingia ndani nikachukua sufuria langu, nikampimia maziwa ya wanawe mpaka ukingoni, akaondoka amelishika kwa mikono miwili, anatembea polepole yasimwagike.